Dagaa wapimwe plastiki, na majibu yabandikwe Mwaloni

Mtoa mada
Wakuu, hoja yangu najua itawaudhi baadhi ya watu wa soko. Dagaa wa ziwa letu la Victoria wapimwe plastiki, lisiwe zoezi la mara moja, na majibu yabandikwe pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kila mtu asome.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Denmark walinunua sangara 20 na sato 20 hapahapa Mwanza, wakapasua matumbo. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2016. Sangara 11 na sato 7 walikutwa na vipande vilivyoshukiwa kuwa plastiki, na vilipopitishwa kwenye mashine ya kutambua malighafi, plastiki ikathibitika kwa asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Malighafi ya mifuko ilikuwamo, na poliesta ya nguo ilikuwamo.

Sasa njooni jikoni. Sangara na sato tunawapasua, utumbo unatupwa. Dagaa tunamla mzima, na chochote alichomeza tunakimeza. Tena tunamsaga, unga wake tunautia kwenye uji wa mtoto aliyeanza juzi kula. Utafiti ule haukumgusa dagaa. Mimi hilo linaninyima raha.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba
Mkuu, wenzako tulishaungua. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na waliolia ni wavuvi na vibarua wa viwandani. Wateja wangu wanatoka hadi Kongo. Bandika karatasi moja yenye neno plastiki pale getini uone kama lori litarudi.

Halafu samaki 40 ndio nini kwenye ziwa la kilomita za mraba karibu 69,000? Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipotoa ripoti yake ya plastiki kwenye maji ya kunywa mwaka 2019, lilisema ushahidi wa madhara bado hautoshi. Kama hela zipo, jengeni vyoo. Kipindupindu hakisubiri utafiti.

Mtoa mada
Kaka, hofu yako ina msingi, siidharau. Ila kumbuka 1999 iliishaje: soko lilifunguliwa baada ya ukaguzi na vipimo kuimarishwa. Leo tuna maabara ya taifa ya samaki Nyegezi. Minofu ya sangara inayopanda ndege kwenda Ulaya inapimwa ili mlaji wa kule awe na amani. Dagaa wa mtoto wa hapa Igoma naye anastahili kupimwa.

Samaki 40 ni wachache, kweli. Ndiyo maana nataka wapimwe wengi. Na ripoti hiyohiyo ya 2019 ilihimiza utafiti zaidi, haikusema tulale. Kuhusu vyoo tuko pamoja kabisa, maana mtaro unaopeleka kinyesi ziwani ndio huohuo unaopeleka plastiki.

Mkazi wa Mabatini
Naunga mkono hilo la mtaro. Mimi naishi karibu na Mto Mirongo. Mvua kubwa ikianza tu, kuna watu wanatoka na viroba vya taka kuvimwaga, wakijua maji yatabeba hadi ziwani. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na ilipungua kweli, lakini vile vifuko laini vya karanga na vya barafu bado vimejaa mtaroni.

Kisichoonekana ni maji ya kufulia. Nguo nyingi tunazovaa, mitumba kwa mipya, ni poliesta, na kila ukifua zinaachia nyuzi nyembamba kuliko unywele. Wenzetu waliounganishwa na bomba la majitaka, nyuzi hizo zinafika kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ilemela na nyingi zinatuama kwenye tope. Sisi wengine beseni linamwagwa mlangoni, njia ya maji ni moja, kushuka ziwani. Kwa hiyo mkishapima dagaa msiishie kumbana mvuvi. Hayo mabomba madogo ya majitaka yaliyowekwa kwenye baadhi ya vilima yasogezwe na kwetu.

Mama anayeanika dagaa
Wanangu, mnabishana juu ya ziwa, hamjafika kwenye uanikaji. Tunaanika juu ya nyavu chakavu. Tulihimizwa tuache mchangani tupande kwenye chanja, tukapanda, lakini juu ya chanja tunatandika nini? Nyavu zilezile. Wavu ukipigwa na jua miezi mingi unakuwa mkavu, ukiukunja unakatika vidoleni. Jioni nikikung'uta dagaa naona vinyuzi vya kijani vimeng'ang'ania mgongoni, vile virefu navichomoa, vifupi vinaingia guniani. Mkipima dagaa wangu mkakuta plastiki, mtajua imetoka ziwani au kwenye wavu wangu?

Mtoa mada
Shikamoo mama. Hili sikuliweka kwenye hoja, na ndilo lililonifungua macho kuliko yote. Basi sampuli zichukuliwe sehemu tatu: mtumbwini dagaa akiwa mbichi, kwenye chanja akishakauka, na guniani sokoni. Mtumbwini wakiwa safi na kwenye chanja wakawa na nyuzi, tatizo ni la kutandika, na linatibika msimu huuhuu kwa kubadilisha kitandikwa. Na gharama hiyo isimwangukie mama. Ushuru wa dagaa unakusanywa kila siku, sehemu yake inunue vitandiko.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba
Hapo kwenye chanja naweza kukuelewa. Ila sharti langu ni moja: wapimwe pia wa Musoma na Bukoba, siku hiyohiyo. Mkipima Mwanza peke yake mtakuwa mmetuua.

Mtoa mada
Nakubali. Tena na wa Kisumu na Entebbe wapimwe, ziwa ni moja. Ila wenzetu wakichelewa, sisi tuanze.