Mafumbo ya Zuhura kwenye kikundi cha ukoo

Zuhura: Shikamooni. Fumbo hili linanitesa: "Baba ana miaka 36, mwanawe 8. Baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara tatu ya umri wa mwanawe?"

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Umefika wapi?

Zuhura: 36 + x = 3 × 8 + x. Nikitoa x pande zote inabaki 36 = 24 😭

Hamadi: Hahaha x imekukimbia

Mjomba Idi: Hamadi tulia. Zuhura, hiyo 36 = 24 inakuambia mlinganyo haukuandikwa sawa. Siku hiyo mtoto atakuwa na miaka mingapi?

Zuhura: 8 + x

Mjomba Idi: Basi zidisha yote kwa tatu, siyo 8 peke yake.

Zuhura: Aaah mabano! 36 + x = 24 + 3x. 12 = 2x. x = 6

Shangazi Mwanaidi: Hakiki kwa maneno ya fumbo. Ukihakiki kwa mlinganyo wako, hata ukiwa mbovu utakukubalia tu.

Zuhura: Baba 42, mtoto 14. Mara tatu kweli!

Hamadi: Mafumbo haya ya kuchosha watu tu. Si watupe mlinganyo tutafute x yaishe

Mjomba Idi: Kutafuta x hata simu inaweza. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa kule Baghdad karne ya 9, aliandika aljebra yake yote kwa maneno. Hakuna x, hakuna alama ya sawasawa, hiyo ilikuja 1557. Na sehemu kubwa ya kitabu ni kugawa mirathi. Mafumbo matupu!

Shangazi Mwanaidi: Hamadi, wewe mjuzi. Kuna wanafunzi sita kwa kila mwalimu mmoja. W ni idadi ya wanafunzi, M ya walimu. Andika mlinganyo.

Hamadi: Rahisi. 6W = M

Shangazi Mwanaidi: Walimu wakiwa 10, wanafunzi wangapi?

Hamadi: 60

Shangazi Mwanaidi: Haya, ziweke humo.

Hamadi: 6 × 60 = 10… ngoja kwanza

Zuhura: 😂😂😂

Mjomba Idi: Umefuata maneno yalivyopangana, "wanafunzi sita" ukaandika 6W. Lakini W si mwanafunzi, ni idadi. Walio wachache ndio unaowazidisha wawafikie walio wengi: W = 6M. Hapo watu wazima wengi huteleza.

Hamadi: Hilo fumbo lina hila bwana

Zuhura: La pili: baba 49, mtoto 19, swali lilelile. 49 + x = 57 + 3x. Nimepata x = −4. Mabano niliweka!

Shangazi Mwanaidi: Hakiki.

Zuhura: 45 na 15. Inakubali. Sasa "baada ya miaka hasi nne" ndiyo nini?

Mjomba Idi: Imeshapita. Usiiache −4 hivyohivyo, andika sentensi: ilikuwa miaka minne iliyopita.

Zuhura: Asante mjomba. Limebaki la matangi mawili, nikikwama nawarudia.