Kutoka Mtwara kwenda Hifadhi ya Nyerere: tuingilie geti gani?

MamaNanguruwe:
Habari zenu wanajamvi. Sisi ni kikoba cha akina mama 14 hapa Mtwara. Minada ya korosho ikienda vizuri, tumekubaliana safari hii tusigawane vitenge, twende tukaone wanyama. Wengi wetu tembo tunamjua kwa hasara tu, kamaliza mahindi ya ndugu zetu kule Nachingwea. Tunataka tumwone akiwa kwake.

Tatizo ni geti. Mume wangu kafungua ramani kwenye simu, anasema Selous imepakana na Liwale, Liwale ni Lindi hii hii, kwa hiyo tukate Nachingwea tuingilie huko, safari fupi. Katibu wetu anasema huko tutaona vumbi, twende mpaka Kibiti. Halafu kuna wakala mmoja katuambia geti zuri ni Matambwe, na ana sehemu ya kulala upande huo kwa bei nafuu. Usafiri ni Coaster ya kukodi. Tunalala siku mbili, wiki ya pili ya Januari. Tunaye pia wifi yetu kutoka Mueda, Msumbiji. Tushike lipi?

Lukuledi_Juu:
Ngoja waje wajuzi. Mimi utalii wangu wote ni nyani wa barabarani pale Mikumi, nikiwa dirishani kwenye basi.

Mwera_wa_Mtama:
Dada, shemeji hajakosea ramani, kakosea mwaka. Zamani yote ile ilikuwa Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2019 ikamegwa sehemu ya kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Upande wa Liwale umebaki pori la akiba chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na huko biashara kubwa ni vitalu vya uwindaji. Nimeishi Liwale miaka minne. Wanyama wapo, tena wengine wanakufuata hadi shambani, lakini si mahali pa kupeleka Coaster ya akina mama na vikapu vyao mkategemea kukuta boti na mwongozaji anawasubiri. Sisi huku bado tunaita kote "Selous", ndiyo maana watu wanachanganya.

MamaNanguruwe:
Nimemsomea mume wangu. Kanyamaza kwanza, halafu kasema "hata mimi nilikuwa nawaza hivyo." Haya, Liwale imetoka. Sasa Mtemere, geti la upande wa Kibiti, au Matambwe?

Ndundu_Kivukoni:
Mama, shikamoo kama ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo basi niamkie mwenyewe. Nimeendesha magari njia ya kusini tangu enzi za kivuko cha Ndundu, mto Rufiji ukijaa mnalala foleni, mnakula ming'oko mliyobeba mpaka inaisha. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 nilipita juu nikacheka peke yangu.

Nianze na wakala wenu. Hajasema uongo, Matambwe ni geti halali na watu wanaingilia pale. Ila ni geti la anayetoka Morogoro, anapita Matombo hadi Kisaki, au anayeshuka treni ya TAZARA. Ninyi mnatoka Mtwara. Mtapanda Lindi, Nangurukuru, Somanga, mvuke daraja, Ikwiriri, halafu Kibiti. Hapo mmeshakula zaidi ya kilomita 400 za lami. Pale Kibiti mnaacha lami, mnakata kushoto kwenda Mkongo hadi Mloka, kilomita 100 hivi za vumbi, na geti la Mtemere liko mbele yenu. Kwenda Matambwe kwa barabara ya nje maana yake mpande hadi Dar, mwende Morogoro, mteremke tena milimani. Hiyo si safari ya siku mbili.

Sasa mtaambiwa "ingieni Mtemere mkatize ndani mpaka Matambwe." Hapo ndipo nilipoumia. Niliwahi kupeleka familia moja, malazi wameshalipia upande wa Kisaki kwa mtu waliyempata mtandaoni. Tumefika Mtemere saa 10 alasiri. Askari akatuuliza tunalala wapi, tukamwambia, akatazama saa yake, akatazama gari. Kukatiza ni saa tatu au nne kwa mwendo wa hifadhini, na kutembea usiku ndani hairuhusiwi. Tukarudi Mloka kutafuta vitanda saa ile, na kule Kisaki hela haikurudi. Mzee wa ile familia hakunisemesha mpaka Kibiti.

Kwa hiyo usiniulize geti lipi zuri. Niambie unalala wapi, nikuambie geti lako.

Katibu_Muhtasi:
Huyo katibu aliyetajwa hapo juu ni mimi, wenzangu. Niliyasema haya kikaoni nikaambiwa najifanya najua.

Lukuledi_Juu:
😂😂 Katibu kaja na muhtasari mkononi.

Chikongola_Boy:
Naongezea. Mtemere ndiko penye mambo kwa mgeni wa mara ya kwanza. Maziwa kama Manze, Nzerakera na Tagalala yako upande huo, na boti za mto Rufiji mnapandia huko. Viboko mtahesabu mpaka mchoke, mamba ndio usiseme. Mkibahatika mnaona mbwa mwitu, maana hii ni moja ya hifadhi zinazosifika kwa hao.

Ila Coaster isiingie ndani. Mloka kuna kambi nje ya geti zenye magari ya wazi na boti. Laleni huko, acheni Coaster hapo na dereva wake apumzike, mwingie na Land Cruiser zao. Na muwe getini saa 12 asubuhi, si saa 3 mmemaliza chai. Jua likishakuwa kali simba naye yuko kivulini kama sisi.

MamaNanguruwe:
Saa 12 getini na akina mama 14? Labda tusilale kabisa. Malipo ya getini vipi, tubebe taslimu?

Chikongola_Boy:
Hapana, taslimu usitegemee. Unapewa namba ya malipo au unalipa kwa kadi. Fanyeni mapema, mtandao kule unakuja na kuondoka. Kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA ili mlipe kiwango cha wananchi. Na wifi wa Mueda mwambieni mapema: bei nafuu ni ya raia wa Afrika Mashariki, na Msumbiji haimo kwenye jumuiya. Yeye atalipa kama mgeni wa nje, kwa dola. Hata kama mnaongea Kimakonde kimoja.

MamaNanguruwe:
Jamani! Huyu bibi yake na bibi yangu ni tumbo moja, mto tu ndio umetutenga.

Ndundu_Kivukoni:
Mto hauulizi, ila dirisha la geti linauliza. Mchangieni.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni hiyo Januari. Hela ya korosho inakuja na mvua. Ile barabara ya Kibiti hadi Mloka ikilowa, Coaster itakaa kwenye tope mkiitazama. Ikifika masika ndiyo kabisa, kambi nyingi zinafunga. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyokata barabara kule Somanga, Kusini nzima tukawa kisiwa? Nendeni Julai au Agosti. Nyasi zimelala, maji yamepungua, wanyama wanasogea kwenye maziwa wenyewe.

Katibu_Muhtasi:
Mzee wangu, ushauri mzuri, ila kuna jambo hulijui. Hela ikikaa kwenye sanduku la kikoba toka Desemba mpaka Julai, itakopwa yote. Na wa kwanza kukopa namjua, ndiye aliyeanzisha uzi huu.

MamaNanguruwe:
Katibu, yale yalikuwa matibabu. Basi tufanye hivi: minada ikishalipa tu, tunalipia kambi ya Mloka moja kwa moja, tarehe za Julai, hela itoke sandukuni isionekane. Geti ni Mtemere. Mzee wa Ndundu, Coaster yetu haina dereva bado. Unasemaje?

Ndundu_Kivukoni:
Nina macho mabovu usiku, lakini kama tunalala Lindi njiani, nipo. Ming'oko mje nayo.