Baa za tiki za San Francisco: burudani halali, au dharau kwa mababu wa watu?

Mkazi wa Oakland (mleta mada)

Wakuu, habari za wikendi. Sisi tunaoishi huku Bay Area, yaani San Francisco na miji jirani, mgeni akija kutoka nyumbani tunampeleka kuona daraja la Golden Gate, halafu jioni anaulizia ile baa inayonyesha mvua ndani. Ipo kweli. Inaitwa Tonga Room, iko ndani ya hoteli ya Fairmont, kilimani Nob Hill. Palikuwa bwawa la kuogelea la hoteli tangu 1929. Mwaka 1945 likageuzwa ziwa la kuigiza, likazungushiwa meza zenye mapaa ya nyasi, bendi ikapandishwa kwenye boti inayoelea katikati. Kila baada ya muda radi inanguruma na mvua inamwagika majini, wateja wamekaa pakavu na kokteli zao. Aliyeisanifu alitoka studio za sinema za MGM, na ukiingia utaamini.

Sasa hoja. Kazini nina mwenzangu Msamoa, nikamwalika twende naye. Hakugomba wala hakununa, alisema tu kwamba hawezi kunywa pombe kutoka kwenye kichwa cha babu yake. Wasiojua: kwenye baa hizi vinywaji vingi vinakuja kwenye vikombe vya udongo vyenye sura ya tiki, yaani vile vinyago vya mababu na miungu wa watu wa Polynesia, visiwa vya Pasifiki kama Samoa, Tonga na Hawaii. Macho yametumbuliwa, meno nje, utosi umetobolewa, mrija umechomekwa hapo.

Mimi baa hizi nimezizunguka kiasi, na ramu yao naipenda, sifichi. Kwa leo msimamo wangu ni kwamba kinywaji hakina kosa, kosa ni kikombe. Nipingeni.

Mzee wa Gati

Nakupinga, na nakupinga kwa sababu unawaonea huruma watu ambao hawakuibiwa kitu.

Aliyeanzisha mchezo huu alikuwa Mmarekani aliyeitwa Ernest Raymond Beaumont Gantt. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Desemba 1933 alifungua kibaa kidogo Hollywood, akakipamba kwa nyavu na magogo, na baadaye akajibadilisha hata jina akawa Donn Beach. Ramu aliyotumia ilitoka visiwa vya Karibi, na namna ya kuichanganya na ndimu na sukari ni ya hukohuko Jamaica. Mwaka 1934 Victor Bergeron naye akafungua mgahawa wake Oakland, barabara ya San Pablo, ukiitwa Hinky Dink's. Akaenda kuchungulia kwa mwenzake Hollywood, akarudi, akabandika mianzi ukutani na jina jipya: Trader Vic's. Mguu wake mmoja ulikatwa utotoni kwa kifua kikuu cha mifupa, lakini wateja aliwaambia umeliwa na papa. Huyo ndiye unayemshitaki kwa kutosema kweli kuhusu Polynesia? Hata kuhusu mguu wake hakusema!

Mai Tai yenyewe, kokteli maarufu ya baa hizi, aliitengeneza 1944: ramu ya Jamaica ya miaka 17, ndimu, likea (pombe tamu) ya machungwa, shira ya lozi. Hakuna hata tone la Pasifiki humo. Chakula nacho kilikuwa cha Kikantoni kilichorekebishwa kwa ulimi wa Mzungu. Kuna kile kitafunwa cha kaa na jibini laini, kimepewa jina la Rangoon, mji wa Burma. Nani kaibiwa hapo, Mburma au ng'ombe? Malkia Elizabeth II alipokuja San Francisco mwaka 1983 alipelekwa Trader Vic's kula, wala hakuna aliyesema Uingereza imewatukana Watahiti. Ni maigizo. Anayekwenda anajua ni maigizo.

Binti wa Lamu

Mzee shikamoo. Umenisaidia kazi, maana umethibitisha mwenyewe kwamba ramu ni ya watu wengine na chakula ni cha watu wengine. Kwa hiyo cha Polynesia kilichobaki mle ndani ni nini? Ni vinyago vya wafu wao na jina la nchi yao. Yaani vile vitu viwili ambavyo mtu hupenda viheshimiwe, ndivyo vilivyochukuliwa kuwa pambo.

Tonga ni nchi, ina mfalme, ina wimbo wa taifa. Na Watonga hawako mbali na hoteli hiyo: wako East Palo Alto, wako San Mateo, wako San Bruno, mwendo wa gari tu. Mimi nimeishi jirani nao. Chakula chao cha Jumapili ni nyama iliyofungwa kwenye majani ya majimbi pamoja na tui la nazi, ikaivishwa polepole, wanaita lu. Mtu wa Pwani akionja hahitaji kufundishwa. Na si bahati tu: lugha zao na Kimalagasi cha Madagaska ni ukoo mmoja, na wataalamu wengi wanaamini hata ngalawa yetu, na zile mbao zake mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke, tuliipata kwa mabaharia wa ukoo huohuo. Hao ni watu tuliokutana nao baharini kabla Hollywood haijawa na jina.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Watu wanapanga foleni ya Mai Tai na hawajawahi kula lu hata mara moja. Halafu sisi wenyewe tunajua inavyouma: ni wangapi hapa hawajakereka kumwona kijana wa Kimaasai amesimamishwa mlangoni mwa hoteli ya Diani au Nungwi, aruke mgeni akishuka garini?

Mhudumu wa Dubai

Naomba niingie kidogo, maana mnazungumzia wateja na wenye mali tu.

Migahawa ya mtindo huu imefika Ghuba zamani. Trader Vic's iko Dubai, iko Bahrain. Mimi nafanya kazi kwenye baa ya aina hiyohiyo, sitaitaja. Navaa shati la maua mekundu na mkufu wa makombe. Mgeni wa Kijerumani aliwahi kuniuliza kisiwa changu kinaitwaje. Nikamwambia Ukerewe, akafurahi, akaacha bakshishi nzuri. Siku nyingine naona aibu kidogo, siku nyingine natuma hela nyumbani.

Ninaofanya nao kazi wengi ni Wafilipino, na wao ndio walionieleza historia ambayo Mzee ameiruka. Waliosimama kaunta kwa Donn Beach tangu mwanzo walikuwa vijana wa Kifilipino. Ndio waliochanganya, ndio waliojua mkono wa kila kinywaji. Tajiri aliwaogopa kiasi kwamba chupa aliziandika majina ya siri na namba, mfanyakazi amimine bila kujua anamimina nini, asije akahama na siri. Mmoja wao, Ray Buhen, mwaka 1961 akafungua kibaa chake Los Angeles kiitwacho Tiki-Ti. Ni kidogo kama chumba cha kupanga, lakini familia yake inakiendesha mpaka leo. Mkitaka kuzungumzia aliyeibiwa, anzeni na hao.

Msoma Historia

Mhudumu kasema jambo zito. Niongeze tarehe, kwa sababu Mzee anasimulia kana kwamba Pasifiki ilikuwa picha ukutani.

Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa 1893 na wafanyabiashara, wengi wao Wamarekani au wana wa Wamarekani, askari wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wameshuka nchi kavu. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa. Tonga Room ilikuwa haijatimiza mwaka vizuri pale watu wa kisiwa cha Bikini walipohamishwa kwao, Machi 1946, ili mabomu ya nyuklia ya Marekani yajaribiwe. Hadi 1958 yalikuwa yamelipuliwa 23 hapo. (Bikini iko Micronesia, si Polynesia, najua, lakini kwa baa hizi Pasifiki yote ni kisiwa kimoja.) Wafaransa nao wakajaribu yao Moruroa na Fangataufa kuanzia 1966 hadi 1996, na hiyo ni Polynesia kabisa. Miaka hiyohiyo ya hamsini na sitini ndiyo mtindo wa tiki ulipokolea Marekani, na Hawaii ilipofanywa jimbo mwaka 1959 ukapamba moto zaidi.

Simwambii mtu asinywe. Nasema tu maigizo yalifanya kazi yake: mtu alipata paradiso isiyo na wenyewe. Hata Mai Tai ya Oakland ilipelekwa Honolulu, Hawaii, mwaka 1953, kwenye hoteli ya Royal Hawaiian, na leo watalii wanaiagiza wakidhani ni kinywaji cha wenyeji.

Mpenda Ramu

Jamani, mnanitia kiu na hatia kwa pamoja.

Mimi nauliza la vitendo. Mnataka zifungwe? Mwaka 2009 wenye Fairmont walipotaka kujenga nyumba za kuuza, Tonga Room ikawa hatarini, na mji mzima ulipiga kelele. Wataalamu wa mipango ya jiji waliiona ni urithi wa kihistoria. Urithi wa Tonga hapana, wa San Francisco ndiyo. Nami nakubaliana nao. Uongo wa miaka themanini ni kitu cha kale.

Tena baa hazilingani. Smuggler's Cove ya mtaa wa Gough, iliyofunguliwa 2009, ni shule ya ramu: chupa mamia, na mhudumu atakueleza ya Barbados inatofautianaje na ya Martinique. Forbidden Island ya Alameda, ya mwaka 2006, imetulia zaidi. Trader Vic's sasa iko Emeryville ufukweni tangu 1972. Na wako Wapolynesia wanaokula kupitia mtindo huu: Mai-Kai ya Fort Lauderdale, ya mwaka 1956, imejijengea jina kwa ngoma za visiwani. Mwenzake mleta mada ni Msamoa mmoja, si bunge la Samoa.

Kinachonichekesha ni baa zilizofuta neno tiki kwenye kibao zikaandika "tropiki", makuti yaleyale, bei ileile.

Binti wa Lamu

Kaka, hata mmoja akisema "huyo ni babu yangu", mimi nakiweka kikombe chini. Sisubiri bunge. Na kufuta neno si kazi bure kama vinyago navyo vimeondoka. Vikibaki, hapo niko nawe.

Mzee wa Gati

Marahaba mwanangu. La Wafilipino nimelikubali, la 1893 nalijua. Lakini mkianza kuondoa kila sura ya babu wa mtu kwenye baa, mtafika kwenye chupa za ramu zenye picha za maharamia, na hao nao walikuwa babu za watu.

Mkazi wa Oakland (mleta mada)

Maharamia waliwaua babu za watu, Mzee, ni tofauti kidogo!

Wageni wangu wanakuja mwezi ujao. Tutakwenda Smuggler's Cove kunywa ramu, na nitaomba bilauri ya kawaida. Jumapili tutakula lu, Binti nitumie jina la hiyo jamaa wanaouza karibu na kanisa. Tonga Room bado inanishinda: mvua ile naitaka watoto waione, na jina lile mlangoni sijui nitawaelezaje. Mhudumu wa Dubai, wewe uliyemo ndani ungependa mteja afanye nini?

Mhudumu wa Dubai

Aniulize natoka wapi kweli, halafu aache bakshishi. Kikombe anaweza kukataa, tunazo bilauri. Tena ni rahisi kuosha kuliko yale meno.