Naomba ushauri: kamera ya video yenye fokasi ya uhakika kwa milioni moja na nusu

Wakuu, habari zenu. Narekodi sendofu na harusi ndogondogo hapa Dar. Kamera niliyonayo inanitia aibu: bibi harusi akitembea kuja mbele, fokasi inakimbilia maua ya ukumbini, yeye anabaki na ukungu. Taa zikipunguzwa ndiyo basi kabisa.

Mtumba sina shida nao. Naitamani Canon M50 kwa sababu ya Dual Pixel (mfumo wa Canon wa fokasi ya haraka), ila ukiweka 4K, yaani video ya ubora wa juu zaidi, mfumo huo haufanyi kazi na picha inakatwa sana pembeni. Inabaki 1080p (Full HD), na kwa kweli wateja wangu wengi wanaangalia kwa simu tu. Sony ZV-E10 inafuata jicho hata kwenye 4K, lakini haina stabilaiza (kituliza mtikisiko) ndani ya bodi, na ukigeuka haraka nguzo zinalala upande. Halafu nikiinunua, hela ya lenzi haipo.

Mliozitumia ukumbini kwenye taa za rangi, ipi haipotezi uso? Au nichukue Canon 70D, ya 2013 lakini Dual Pixel inayo, hela inayobaki niweke kwenye lenzi ya 50mm f/1.8, inayoingiza mwanga mwingi? Na kamera ya mtumba mnaipimaje fokasi palepale dukani?