Umeme wa kichwani pamoja na mazoezi kwa maumivu ya mwili mzima: je, utamfaa mama?

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Assalaam aleikum. Mamangu ana miaka 54, na kwa miaka 4 sasa mwili wote unamuuma: mabega, mgongo, nyonga, hata vidole. Akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi moja, siku ya pili hainuki kitandani. Vipimo vya damu na picha za mifupa havikuonyesha kasoro, na baada ya kuambiwa mara ni baridi yabisi, mara ni mawazo tu, daktari mmoja amelitaja jina la faibromayalgia. Binamu yetu aliye Uingereza anasema wako wanaopitishiwa umeme hafifu kichwani huku wakifanya mazoezi ya viungo. Je, ni jambo la kutufanya tuuze dhahabu ya mama ili tumsafirishe?

Tabibu wa viungo, Malindi
Wa aleikum salaam. Kwanza mweleze mama kwamba maumivu yake ni ya kweli. Katika ugonjwa huu ubongo na uti wa mgongo hukuza ishara za maumivu, hata mguso mdogo ukahisiwa kama pigo ilhali kiungo chenyewe hakina jeraha. Ndiyo maana picha hazikuonyesha kitu. Tiba unayoiulizia hulenga huko huko: umeme wa miliampea 2 hivi, kwa dakika 20, hupitishwa juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Iko pia aina inayotumia sumaku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwahusisha wanawake 32 waliotibiwa siku 5 mfululizo, na waliopitishiwa umeme katika sehemu hiyo walipata nafuu iliyoonekana hata wiki 3 baadaye. Hata hivyo, watu 32 ni wachache, na nafuu si kupona.

Sababu ya kuuunganisha na mazoezi ni kwamba umeme unatarajiwa kuuweka ubongo tayari kujifunza, kisha mwendo ndio uufunze. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2017 uliyapendekeza mazoezi kwa nguvu kuliko dawa yoyote. Mimi nisingeuza hata kikuku kabla mama hajayajaribu kwa miezi 3 kamili, akianza na dakika 5 za kutembea ufuoni maji yakipwa, na kuongeza kidogo kidogo, hata siku anapojisikia vyema na kutamani kufua mashuka yote.

Bi Mkubwa, Shela
Mwanangu, mimi nilitibiwa hivyo nilipokuwa kwa binti yangu ng'ambo. Sifongo mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi zilifungwa kichwani kwa ukanda wa mpira, nikahisi kama sisimizi wanatembea, huku nikiendesha baiskeli isiyokwenda. Usingizi ulirudi kwanza, maumivu yakapungua baadaye. Niliporejea nikaacha mazoezi, yakanirudia. Nilipoanza kupanda na kushuka ngazi za nyumbani kila asubuhi, bila umeme wowote, yakapoa kiasi.

Tabibu wa viungo, Malindi
Ahsante, Bi Mkubwa. Naongeza moja: asitokee kijana fundi akamfungia mama betri kichwani. Na mwenye kifafa au chuma ndani ya kichwa sharti amweleze daktari mapema, hasa kwa ile ya sumaku.

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Nimemsomea mama majibu yote. Amesema dhahabu ibaki sandukuni, na anauliza kama hizo dakika 5 ni za kwenda tu, au ni kwenda na kurudi.