Saraka za tovuti na injini za utafutaji: tofauti iko wapi hasa?

Mkutubi_Mtarajiwa:
Wakuu, habari zenu. Nasomea ukutubi na tumepewa kazi ya kueleza tofauti kati ya saraka za tovuti (orodha za tovuti zilizopangwa na watu kwa mada) na injini za utafutaji. Kinachonitatiza ni hiki: Yahoo ilianza kama saraka, lakini nasoma kwamba ilikuwa na kisanduku cha kutafutia. Kama kote unaandika neno na kuletewa viungo, tofauti ni ipi? Na kama saraka zilikuwa na faida, mbona zimekufa?

Mhariri_wa_Zamani:
Kisanduku hicho kimewachanganya wengi, mwanangu. Ukiandika neno ndani ya saraka, unapekua majina ya tovuti na yale maelezo mafupi yaliyoandikwa na mtu, basi. Yaliyomo kwenye kurasa zenyewe hayaguswi. Tovuti inaweza kuwa na makala safi kabisa ya kupatwa kwa mwezi, lakini kama imeelezwa tu kuwa ni "masomo ya elimu ya anga", ukitafuta "kupatwa" huipati. Injini itaipata, kwa sababu programu yake inafuata viungo ukurasa hadi ukurasa, inasoma maneno yote na kuyaingiza kwenye faharasa.

Yahoo ilianzishwa 1994 na Jerry Yang na David Filo wakiwa wanafunzi Stanford, ikiwa orodha ya viungo vilivyopangwa kwa mada. Baadaye neno lisipopatikana kwenye saraka yake, swali lilipelekwa kwa injini ya kampuni nyingine: AltaVista, kisha Inktomi, na kuanzia 2000 Google. Msomaji aliona ukurasa mmoja tu, kumbe nyuma yake kuna mitambo miwili.

Mimi nilihariri DMOZ, saraka iliyoendeshwa na wahariri wa kujitolea, upande wa elimu ya anga. Mtu analeta anwani ya tovuti yake na maelezo kama "Tovuti bora kuliko zote kwa wapenda nyota, karibu ujionee!" Unaifungua, unasoma, unaingia kurasa za ndani kuona kama kuna kitu au ni matangazo matupu. Ukiridhika unafuta sifa zote hizo na kuandika: "Ramani za nyota na maelekezo ya kutumia darubini ndogo." Halafu unaamua itakaa wapi. Wenye tovuti walipenda kategoria za juu ili waonekane, nawe unaishusha hadi mahali pake, kwenye darubini za wasio wataalamu. Kwa hiyo tovuti nzima imesomwa na mtu na kutolewa uamuzi. Injini inashughulika na ukurasa mmoja mmoja na kuupanga kwa hesabu. Google, tangu 1998, ilihesabu kiungo kama kura, na kura ya ukurasa unaotajwa sana ikawa na uzito zaidi.

Kufa kwa saraka hakuna fumbo. Kurasa ziliongezeka kuliko wahariri, maombi yakarundikana, viungo vikaoza bila mtu wa kuvikagua. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ Machi 2017. Iliniuma, na bado inaniuma. Anayejua neno analolitafuta anahudumiwa vizuri na injini. Asiyelijua alihitaji kushuka kategoria kwa kategoria na kukutana na vitu ambavyo asingejua kuviuliza.

Fundi_Seva:
Naongezea kwa mzee hapo juu: pande hizi mbili zilikuwa zinakopeshana. Google ilikuwa na saraka yake, data ikitoka DMOZ, ila tovuti zikipangwa kwa uzito wa viungo. Ilifungwa 2011. Pia injini zilikuwa zikichukua maelezo ya wahariri wa DMOZ na kuyaonyesha chini ya kichwa cha matokeo. Wenye tovuti wasioyataka walilazimika kuweka alama ya NOODP, ya kuziambia injini zisitumie maelezo ya DMOZ, kwenye msimbo wa ukurasa. Ukifungua kurasa za zamani bado utaiona imo.

Mkutubi_Mtarajiwa:
Shikamoo mzee, na asante Fundi. Kuna saraka inayoendelea ambayo naweza kuipitia kabla ya kuandika?

Mhariri_wa_Zamani:
Marahaba. Ingia Curlie, iliendelezwa na wahariri wa DMOZ baada ya kufungwa. Chagua mada unayoijua vizuri, shuka hadi kategoria ya chini kabisa, usome maelezo ya tovuti tano sita. Kisha tafuta mada hiyohiyo kwenye injini na uweke orodha hizo mbili kando kwa kando kwenye kazi yako.