Mtungi wa haloni umepungua: chumba cha injini niweke nini?

Mwana_Mtwapa
Salaam jamaa. Nina boti ya faiba ya futi 36, dizeli mbili, iliundwa Marekani 1987. Chumba cha injini bado kina mtungi wake wa kwanza wa Haloni 1301, ile gesi ya kuzima moto. Geji iko kijani miaka yote, nikaamini tuko salama. Juzi tumeipandisha nchi kavu, fundi akasema tuupime kwa mizani. Lebo inasema ukijaa ni kilo 9.1, mizani imesoma 8.2. Nimepewa bei za vibadala: gesi za FM-200, FK-5-1-12 (ile tunayoizoea kwa jina la Novec 1230), kaboni dayoksaidi na erosoli (kopo linalopuliza unga laini wa kuzima moto). Chumba ni mita 3.2 kwa 2.6, kimo 1.5. Nabeba wageni hadi sita na mabaharia wawili. Aliyewahi kufunga anishauri.

FundiMitungi
Geji haikukudanganya, ila ulikuwa unaiuliza swali lisilo lake. Ndani mna haloni pamoja na naitrojeni ya kuisukuma. Geji inasoma mgandamizo tu. Gesi yenyewe inaweza kupungua na mshale usitoke kwenye kijani. Ndiyo maana mtungi hupimwa uzito, na ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya gesi huo si wa kutegemea tena.

Kuujaza usahau. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza haloni mwanzoni mwa 1994 kwa sababu inakula tabaka la ozoni, na nchi zetu zilipewa mpaka 2010. Usiifungulie hewani, tafuta wanaopokea haloni kuukuu.

Sasa hesabu. Chumba chako ni kama mita za ujazo 12.5. Haloni ilitaka kilo 4 na ushei. FM-200 itataka karibu 9, na FK-5-1-12 karibu 11. Kwa hiyo usidhani utachomoa mtungi wa zamani na kuchomeka mpya palepale: mabano, nafasi na matundu ya kutolea gesi vyote vinabadilika. Na pima chumba kitupu, usitoe ujazo wa injini ili kupunguza bei.

DadaMhandisi
Kaboni dayoksaidi iondoe kwenye orodha, kaka. Nimefanya kazi kwenye meli zenye mfumo huo. Ili izime moto chumbani inabidi ifike kama asilimia 40, na mtu huanguka hata kabla ya kufika robo ya hapo. Melini kuna kengele ya onyo, tunahesabu watu, ndipo tunafungua. Kwenye futi 36, kijana akiwa kainamia chujio la mafuta na mtungi ukafyatuka, hana pa kukimbilia.

Kati ya zile mbili, mimi ningechukua FK-5-1-12. FM-200 inazima vizuri, lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara 3,000 ya kaboni dayoksaidi, na tangu makubaliano ya Kigali ya 2016 gesi za jamii yake zinapunguzwa. Usije ukabadilisha mara ya pili. Kampuni ya 3M ilitangaza kuacha kuitengeneza Novec mwisho wa 2025, ila wengine wanatengeneza gesi hiyohiyo.

Mbizi_Kilwa
Erosoli nilifunga kwenye boti yangu ndogo. Kopo jepesi, halina mgandamizo, halihitaji mabomba. Lakini linatoa joto kali mdomoni, usilielekeze kwenye waya wala faiba. Na baada ya kufyatuka huacha unga. Usipousafisha mapema na chumvi ya bahari ikaongezeka, viunganishi vya umeme vinaliwa.

Mzee_wa_Gati
Mnabishana gesi, hamjamuuliza swali la kwanza: injini zake zinazimika zenyewe?

Niliwahi kuwa ndani ya boti iliyoshika moto. Bomba la mafuta lilipasuka, kile kichupa cha kioo kinachoziba mtungi kikavunjika kwa joto la nyuzi 79 kama inavyotakiwa, gesi ikamwagika. Nahodha hakukata injini. Dizeli ikainyonya gesi yote na kuitoa kwa egzosi, na feni ikaleta hewa mpya. Moto ulififia, tukashangilia, kisha ukarudi na nguvu kuliko mwanzo. Tuliruka majini wote salama, boti hatukuiona tena.

Mwanangu, nunua gesi yoyote kati ya zile mbili, lakini weka kisanduku cha kuzima injini zote, jenereta na feni mara mtungi unapofyatuka. Na usifungue mlango kuchungulia. Subiri dakika 15, vyuma vipoe. Gesi hizo zikikutana na moto hutoa mvuke wa asidi unaochoma mapafu.

Mwana_Mtwapa
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nimekagua asubuhi hii: feni imeungwa moja kwa moja na betri, na injini hazina kisanduku chochote. Naenda na FK-5-1-12, na boti hairudi majini mpaka fundi wa umeme amalize. FundiMitungi, matundu mawili yanatosha, au kila injini iwe na lake?

FundiMitungi
Usinunue kabla sijaona picha za chumba. Piga kutoka mlangoni, na nyingine kutoka nyuma ya matangi.